Yai la Ziwa la Kumi na Tisa

Mtu akikwambia kuatamia yai ni kukaa tu, mwambie akae yeye. Nyanjige Masalu alikuwa katika siku ya ishirini na tisa akiwa na yai tumboni, na mgongo ulikuwa umemkatika vipande. Alikuwa amelifunga kwa kitenge chini ya sweta, upande wa kushoto, na kila baada ya nusu saa aliingiza mkono akaligeuza kidogo, jinsi jike la batamaji linavyoligeuza lake kwa mdomo. Saa ya mkononi ilimtikisa usingizini ili aligeuze. Aliligeuza akiosha vyombo, aliligeuza akifunga viatu. Siku moja alikuwa akizungumza na makao makuu kwenye skrini, wanamwuliza kina cha maji ya maziwa, naye anajibu vizuri kabisa huku mkono mmoja ukiwa umepotelea ndani ya nguo, hadi bwana mmoja wa kule akamwuliza kwa adabu kama tumbo linamsumbua.

"Ni chakula cha makopo," akasema Nyanjige, akaendelea na kina cha maji.

Yai lenyewe halikuwa yai. Lilikuwa na ganda la rangi ya maziwa yaliyolala, zito kama embe dodo, na ukiligonga kwa kucha lilitoa mlio wa yai la kweli. Ndani mlikuwa na vihisi, betri na spika ndogo kuliko kifungo cha shati. Shirika la Njia Salama lililiita yai-mlinzi. Kila kiota katika nyika hii ya kaskazini, ambako miti imekata tamaa na jua la kiangazi halizami kabisa, kiliwekewa moja katikati ya mayai ya batamaji. Lilipima joto. Lilihesabu limegeuzwa mara ngapi. Kila saa lilipeleka habari kituoni, na kituo kikazipeleka makao makuu, na watu wa makao makuu wakajua jike la ziwa fulani limeketi au limetoka kwenda kula.

Hayo yote Nyanjige asingeyagombea. Tatizo lilikuwa ile spika. Siku mbili tatu kabla ya kuanguliwa, vifaranga huanza kulia wakiwa bado ndani ya maganda, na mama huwajibu. Kifaranga wa batamaji humjua mama yake kwa sauti kabla hajamwona kwa macho. Shirika lilichofanya ni kuwahi. Yai-mlinzi ndilo liliwajibu, mfululizo, mchana kutwa, kwa mlio wa Kiongozi. Na Kiongozi ilikuwa ni ndege isiyo na rubani, nyeupe, yenye mabawa ya mita tatu. Vuli ilipofika, Kiongozi ilipita juu ya maziwa ikiita, na batamaji wachanga wakainuka wakaifuata kusini hadi kwenye Bwawa. Huko maji yalipashwa moto, nafaka ilimwagwa asubuhi na jioni, na wavu ulifunika juu ili wasiingie wawindaji wala magonjwa. Katika Bwawa hakufa kifaranga hata mmoja. Huo haukuwa uongo, na ndiyo maana jambo lenyewe lilikuwa gumu.

Kituo cha Nane kilisimamia maziwa kumi na tisa. Kwa miaka minane, kumi na nane kati yake yalikuwa yameshapewa mayai. Ziwa la Kumi na Tisa halikuwa na ndege, lilikuwa na kichuguu cha kiota cha zamani tu, hadi mwaka huu, mwezi wa tano, barafu ilipoachia kingo. Jozi moja ikatua. Ziwa lao la awali lilikuwa limekauka, kwa sababu ardhi iliyoganda chini yake iliyeyuka na maji yakazama yote kwa wiki moja. Hawakuwa na pete mguuni. Hakuna aliyewahi kuwaimbia wimbo wa mashine. Walikuwa jozi ya mwisho katika upande ule wa dunia iliyokuwa ikiijua njia ya zamani ya kusini, ile ambayo kila mtoto aliifundishwa na wazazi kwa kuruka nyuma yao vuli moja tu. Watoto wa hawa nao wakiifuata Kiongozi, njia ingefutika kabisa.

Nyanjige alikwenda na mtumbwi wa mpira, yai-mlinzi likiwa kwenye kisanduku. Kazi hiyo aliijua hata akiwa amefumba macho. Dume akamjia juu ya maji mabawa wazi, akaupiga mtumbwi hadi ukazunguka, na jike akasimama juu ya kichuguu cha ndago na matete kilichomfika Nyanjige mapajani. Mayai yalikuwa matano. Wakati mumewe anapigana, jike aliinamisha shingo, akang'oa unyasi mmoja ukingoni mwa kiota na kuulaza juu ya mayai yake, taratibu, kama mtu anayefunika mkate.

Mkono wa Nyanjige ukakataa. Alirudi ufukweni na kisanduku chake, na kwa kuwa yai lilikuwa limeshawashwa na lilihitaji joto ndani ya saa moja la sivyo lingepiga kelele makao makuu, alilitia chini ya sweta. Kisha akaandika kwenye kumbukumbu kwamba jike ameanza kuatamia leo. Jike alikuwa ameanza siku tatu nyuma. Huo ndio uongo wa kwanza aliouandika katika miaka ishirini na moja ya kazi, na aliuandika kwa mwandiko mzuri.

*

Kituoni walikuwa wawili tu. Mwenzake alikuwa fundi, Mzee Mbwana Shekue, mtu wa milima ya Usambara aliyedai kwamba baridi ya huku ni ya kawaida huku amevaa soksi jozi tatu. Mzee Mbwana alikuwa na sheria moja ambayo hata makao makuu wasingeivunja: chakula huliwa mezani, mikono imenawishwa, saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni. Jumapili alipika yeye, na akipika yeye hakuna kuinuka haraka.

Ugali hausongwi kwa mkono mmoja. Kwa hiyo saa za chakula Nyanjige alilitoa yai, akaliweka ndani ya kofia ya sufu dirishani, akasonga, wakala, kisha akalirudisha. Lilipoa kidogo, naye akaona hilo ni jema, maana hata jike wa kweli hutoka kiotani kwenda kula majani ya majini na kunywa. Alijipongeza kwa akili hiyo.

Siku ile ya ishirini na tisa Mzee Mbwana aliweka kijiko chini, akaitazama ile kofia dirishani kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "mwezi mzima natazama. Nikasema labda mimba. Lakini mimba haiwekwi dirishani."

Nyanjige akamega ugali.

"Ni la Kumi na Tisa?"

"Ndilo, Mzee."

Mzee Mbwana akainuka, akalichukua yai, akalipima uzito mkononi, akalirudisha kwenye kofia kwa upole kuliko alivyotaka aonekane. Alikuwa amekasirika. "Unajua mimi kabla ya hapa nilikuwa wapi? Nilikuwa kusini, kwenye ile njia yenu ya zamani mnayoililia. Mabwawa batamaji walikokuwa wakitua yamekauka, matatu kati ya matano. Wanashuka usiku kwenye barabara ya lami wakidhani ni maji. Wanagonga nyaya za umeme. Kazi yangu ilikuwa kuokota, Nyanjige. Kwa magunia. Wachanga wenye manyoya ya kijivu, hata rangi ya utu uzima hawajaipata. Wewe unawapenda kwa kichwa. Mimi nimewabeba mgongoni."

"Najua wanakufa."

"Nusu yao!"

"Nusu yao, Mzee. Najua."

"Basi unalikumbatia hilo la nini?"

Nyanjige akalifunga yai tumboni kwanza, maana muda wake ulikuwa umefika. Halafu akamweleza habari ya Bulengwa, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Bulengwa lilikuwa ziwa la magadi la kwao, na heroe wake, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, walikuwa wengi hivi kwamba maji yalionekana mekundu. Mito ilipozibwa, na ziwa likaanza kufa, watu walileta mashine ya kwanza, babu wa Kiongozi huyu, na Nyanjige akiwa msichana mwenye shahada mpya ndiye aliyewafundisha vifaranga kuifuata hadi kwenye ziwa lililochimbwa na watu. Miaka kumi na miwili hakufa kifaranga. Watu walikuja na kamera. Kisha mashine ikaharibika, na waliokuwa wakiitengeneza hawakuwapo tena, na ziwa la kuchimbwa likaanza kukauka kama lile la kwanza.

"Umbali wa nusu siku ya kuruka kulikuwa na ziwa lenye maji," akasema. "Bibi zao walikuwa wakilijua. Tuliwafukuza waende. Tulipiga madebe, tulirusha mawe. Wanaruka, wanazunguka, wanarudi kusimama palepale, wanatazama upande mashine ilikokuwa ikitokea. Siku ya kumi na moja wakaanza kuanguka. Wote, Mzee. Sisemi nusu."

Mzee Mbwana alikusanya sahani. Alizipeleka kwenye beseni, akazirudisha, akakumbuka ni za kupeleka kwenye beseni.

"Sitakusema," akasema hatimaye. "Lakini nikiulizwa, sidanganyi. Umri wangu haunifai tena kwa uongo."

"Sikuombi udanganye."

"Na unakosea. Hilo nalo nimekwambia."

*

Siku ya thelathini na mbili kwa hesabu ya kumbukumbu, yai likaanza kuita.

Nyanjige alikuwa nje akisafisha paneli za jua. Alidhani ni tumbo lake. Mlio ulikuwa wa chini, wa sauti mbili, ya kwanza fupi na ya pili ndefu, na aliuhisi kwenye mbavu kabla hajausikia masikioni. Yai lilikuwa limesubiri kusikia vifaranga, halikuwasikia, na likaanza lenyewe kama lilivyoelekezwa. Liliita, likanyamaza kungoja jibu, likaita. Halikuchoka.

Alikuwa amejiandaa kulichukia. Alikuwa na siku thelathini na mbili za kulichukia, na badala yake alijikuta amesimama katikati ya nyika, kitambaa cha kufutia mkononi, akilipapasa kupitia sweta na kusema, "Basi, basi, nyamaza." Alipojisikia alivyosema, akakasirika mpaka machozi yakamtoka. Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu anabembeleza betri. Kama yeye alishikwa hivyo, yeye mwenye akili zake na aliyeifungua mashine ile kwa bisibisi, kifaranga mwenye umri wa saa tatu angefanya nini?

Kiotani hakuwa ameenda kwa siku nane. Mbweha hufuata nyayo za watu, na hakutaka kumwachia mbweha ramani. Kwa hesabu yake ya kweli, leo ilikuwa siku ya thelathini na tano, siku ya kuanguliwa. Lakini hesabu si macho. Kama jike alichelewa, kama baridi ya wiki iliyopita ilimchelewesha, basi mayai matano yalikuwa bado mazima pale, na yeyote angeweza kuyafikia na kuyawekea yai-mlinzi.

Kesho yake asubuhi, chakula kikiwa bado mezani, helikopta ikatua.

Dokta Mwikali Nzau aliteremka peke yake, akamwacha rubani ndani kama kanuni zinavyotaka. Alikuwa mkaguzi mkuu wa kanda, lakini miaka kumi nyuma alikuwa mwanafunzi wa Nyanjige pale Bulengwa, msichana wa Kitui aliyekuwa akilala na daftari kifuani. Alimkumbatia Nyanjige kwa upande mmoja. Nyanjige alishukuru ni upande wa kulia.

"Dada, umenenepa."

"Ni huyu mzee na vyakula vyake. Karibu chai, Dokta."

Mwikali alikaa, akamimina chai, akaweka kishikwambi mezani. Hakuwa na sura ya mtu aliyekuja kugombana. Alikuwa na sura ya mtu aliyeona kitu asichokielewa, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Nina jambo linanichanganya kuhusu la Kumi na Tisa. Joto ni zuri, kugeuzwa ni kuzuri, tena kuzuri kupita viota vyote vya kanda. Lakini tazama anavyotoka kwenda kula. Batamaji wengine wanatoka ovyo, mara asubuhi, mara alasiri, wanavyojisikia. Huyu anatoka saa moja kamili asubuhi. Saa saba mchana. Saa moja jioni. Mwezi mzima, Dada, hajakosea hata siku moja."

Nyanjige alikunywa chai yake. Ilikuwa ya moto sana, lakini aliimeza.

"Na Jumapili," Mwikali akaendelea, "Jumapili mchana anakaa nje karibu saa nzima na nusu. Jumapili zote nne. Jumapili kuna nini ziwani?"

Alikuwa anajiuliza tu mwenyewe. Lakini swali ni swali, na Mzee Mbwana, aliyekuwa kwenye beseni akiwapa mgongo, alikuwa ameshaahidi.

"Pilau," akasema.

Mwikali akaweka kikombe chini. Na hapo hapo, kutoka chini ya sweta ya Nyanjige, sauti mbili zikaita, fupi na ndefu.

*

Mwikali hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, na Nyanjige akafungua kitenge akampa, kwa sababu kulificha tena kungekuwa mchezo wa kitoto. Yai likaanza kuita kwa nguvu zaidi lilipopigwa na hewa.

"Siku ya thelathini na tatu," akasema Mwikali. "Zimebaki siku mbili. Zinatosha. Unavaa gambuti zako, tunalipeleka sasa hivi, na mimi naandika kwamba kulikuwa na hitilafu ya vipimo. Nakuomba, Dada. Sitaki kukuandika."

"Sitaki."

"Unajua wakifuata wazazi wao watapita wapi?"

"Najua."

"Basi ukiwaacha, umewaua wewe."

"Wengine watakufa, na nitalibeba. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa." Nyanjige alisimama. Bila yai tumboni alijiona mwepesi hadi akayumba. "Lakini wewe ulikuwepo, Mwikali. Ulirusha mawe pamoja na mimi. Ulilia ukasema hatutarudia tena. Ni mimi niliyekuwa nimekushika mkono, au nimekosea mtu?"

Uso wa Mwikali ukabadilika, kisha ukajirudi. "Bulengwa tulikuwa na mashine moja. Hapa kuna arobaini, na za akiba."

"Na siku mashine zote arobaini na za akiba zitakapoisha?"

"Siku hiyo wewe na mimi hatutakuwepo."

"Ndicho ninachosema."

Mwikali akavaa gambuti za Nyanjige mwenyewe, zilizokuwa mlangoni, akatoka na yai. Nyanjige akamfuata akiwa na viatu vya ndani. Mzee Mbwana, ambaye hakuna aliyemwita, akazima jiko na kuwafuata wote wawili.

Ni mwendo wa nusu saa, nyasi zimejaa maji, ukikanyaga vibaya unazama hadi goti. Njia nzima yai liliita. Mwikali alilishika kifuani kwa mikono miwili, na Nyanjige akaona, kwa uchungu, kwamba alikuwa ameanza kuligeuza. Ni yeye aliyemfundisha.

Walipofika juu ya kilima kidogo, ziwa likafunguka chini yao. Kichuguu cha kiota kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na maganda, na manyoya laini yanayotikisika kwa upepo.

Mbweha, aliwaza Nyanjige. Halafu dume akatokea nyuma ya matete, shingo imesimama wima, na nyuma yake vifaranga vitano vya kijivu vimejipanga, na jike mwishoni akifunga safu. Walikuwa wameanguliwa jana. Walikuwa wakijifunza kupiga maji, na mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa akienda upande upande.

"Siku ya thelathini na tatu," akasema Mwikali polepole.

"Thelathini na sita," akasema Nyanjige. "Nilidanganya tarehe."

Mwikali hakupoteza wakati kumlaumu. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na alijua kwamba sauti huingia hata baada ya kuanguliwa, siku ya kwanza na ya pili, moyo wa kifaranga ukiwa bado haujafunga mlango. Alishuka hadi kwenye maji, akainama na kulinyoosha yai juu ya ziwa.

Yai likaita. Na maji yalivyo, yaliibeba sauti mbali.

Yule mdogo akageuka.

Kifaranga alitulia juu ya maji, kichwa kimeelekea kwao, na yai likaita tena, tamu, lenye subira, sauti ile ile iliyomtoa yeye mwenyewe machozi. Kifaranga akapiga miguu, akaja kidogo. Akaja tena. Mzee Mbwana nyuma yake alisema kitu kwa Kisambaa.

Jike akalia. Haikuwa sauti nzuri. Ilikuwa ya puani, ya mkwaruzo, kama bawaba isiyotiwa mafuta, na hakuirudia. Hakumfuata mtoto wala hakumsubiri. Alilia mara moja akaendelea na safari yake, kwa uhakika wa mama anayejua atafuatwa.

Mdogo akageuza mkia na kumkimbilia, akipiga maji kwa vibawa visivyo na unyoya. Yai likaita. Likaita. Hakutazama nyuma.

Mwikali alisimama. Maji yalikuwa yakimtiririka mikononi. "Kuna nyavu stoo," akasema. "Kanuni inaruhusu. Tukiwakamata leo, wakakaa na sauti siku tano kwenye chumba, wanajifunza."

"Kazi ya wavu ni ya watu watatu," akasema Nyanjige. "Mmoja anawafukuza, mmoja anashika wavu, mmoja anapokea. Rubani hatoki kwenye helikopta. Mimi sishiki."

Mwikali akamgeukia Mzee Mbwana. Wote wawili wakamgeukia. Alikuwa amesimama juu ya jiwe ili asilowane, soksi zake jozi tatu zikionekana, na Nyanjige hakujua atajibu nini. Alikumbuka magunia. Mtu aliyeokota wafu wale wote ana haki ya kutaka kuokoa watano, na asingemlaumu.

"Mzee," akasema Mwikali, "wewe ndiye uliyeandika ripoti ya kusini. Unajua kuliko sisi sote. Tusaidiane."

"Ni kweli, niliiandika." Mzee Mbwana alisafisha koo. "Na bado naona huyu binti anakosea, nimemwambia mezani. Wengi watakufa njiani. Lakini wale niliowaokota nilikuwa nawatoa barabarani, Dokta. Sikuwa nawatoa kwa mama yao, naye anatazama." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa stoo, akautazama, akaurudisha mfukoni. "Ufunguo ninao. Sikupi."

"Nitawaandika wote wawili."

"Andika. S-h-e-k-u-e. Wengi hukosea."

Mwikali alicheka, na kicheko kikamvunjikia katikati, akafunika mdomo kwa kiganja. Alipozungumza tena alizungumza kama mkaguzi. Alisema mkataba wa Nyanjige umekoma kuanzia leo, na kuna kiti kwenye helikopta, na inaondoka saa nane.

"Iondoke salama," akasema Nyanjige. "Mimi nitaondoka watakapoondoka hawa. Mwezi wa tisa, barafu ikirudi."

"Hutakuwa na chakula chako kituoni. Hutakuwa na mshahara."

"Nitakuwa na macho. Mtu lazima aandike wameondoka wangapi na wameelekea upande gani. Mwaka kesho mtu lazima asimame hapa ahesabu waliorudi. Wakirudi wawili kati ya saba, nitaandika wawili, na nitakuletea mwenyewe, na utanitukana utakavyo. Lakini hawa watapita njia yao."

Mwikali akatazama mikono yake. Yai lilikuwa bado likiita mikononi mwake, fupi na ndefu, fupi na ndefu. "Linazimwaje hili?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya yule msichana wa daftari.

"Halizimwi. Linaita hadi lijibiwe, au lipoe."

Nyanjige akalichukua. Lilikuwa na joto lake bado, la tumboni mwake. Alipiga magoti ukingoni, viatu vyake vya ndani vikizama tope, akalishusha ndani ya maji yaliyokuwa barafu mwezi uliopita. Aliliona likizama hadi kwenye mawe, jeupe. Liliita chini ya maji, mapovu yakapanda. Liliita tena, polepole. Aliubakiza mkono wake juu yake, ingawa vidole vilimwuma hadi vikafa ganzi, kwa sababu siku thelathini na tatu ni siku thelathini na tatu na hakutaka linyamaze peke yake. Alilia bila kujificha. Kisha likanyamaza.

Upande wa pili wa ziwa, dume alikuwa akivuta majani ya chini kwa mdomo na kuyaelekeza kwa watoto wake, na watoto wakagombania.

Mzee Mbwana alitazama saa yake. Alikohoa kidogo.

"Saa nne," akasema. "Ikifika saa saba kuna maharage."

Nyanjige akafuta mkono kwenye kitenge kilichokuwa kitupu, akaketi juu ya jiwe, akauelekeza uso kwenye ziwa.

"Mzee," akasema, "leo niletee hapa hapa. Mimi sitoki."